Ukoga, Floraidi na Maji Tunywayo

Katika kazi zote za zahanati ya meno, mbili hutafutwa kwa uchache mkubwa: kusafisha na kung'arisha meno, na kuyapaka floraidi. Sababu yake ni dhahiri. Kazi hizi hazitulizi maumivu, kwa kuwa wakati wake ni kabla maumivu hayajafika; na mtu wa kwetu, awe wa Tanga au wa Kisumu, humwendea tabibu wa meno pale gego linapomkesha usiku kucha, shavu limefura, na karafuu aliyoitia jinoni imeshindwa. Aghalabu safari ya namna hiyo huishia kwa koleo, na mgonjwa hurudi nyumbani na pengo, akishukuru kuwa ameokoka. Makala haya yanataka kueleza kazi hizo mbili zilivyo, zinavyofanywa, zina faida gani, na mpaka wa faida hiyo uko wapi. Na zaidi ya hayo yanataka kuonyesha kuwa katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ambako maji ya kisima kimoja yana floraidi kidogo mno na maji ya kisima kingine yana floraidi ya kudhuru, hakuna tabibu awezaye kumtendea mgonjwa wake haki kamili asipomwuliza kwanza amekulia wapi na amekunywa maji gani.

Tuanze na ukoga. Saa chache tu baada ya meno kupigwa mswaki, utando mwororo wa vijidudu huanza kujijenga upya juu yake, hasa pale ufizi unapokutana na jino na katika vichochoro vya kati ya jino na jino. Utando huo ukiachwa, madini ya chokaa yaliyomo katika mate huupenya na kuugandisha, ukawa ukoga wa manjano au wa kahawia, mgumu kiasi ambacho mswaki hauubandui hata mtu akisugua kwa nguvu zake zote. Ufizi ulio kando ya ukoga huwaka, huvimba, na hutoka damu kwa kuguswa tu. Na hali hiyo ikidumu kwa miaka, ufizi hujitenga na jino, mfupa ulioshika mizizi hulika, na jino ambalo halina tundu hata moja huanza kucheza, na mwisho huanguka. Ukoga hupenda zaidi kukaa nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa nje wa magego ya juu, kwa sababu karibu na hapo ndipo zinapofunguka tezi kubwa za mate. Msomaji aweza kupitisha ulimi wake nyuma ya meno ya chini sasa hivi, na akikuta ukingo wenye mikwaruzo ambao mswaki wa asubuhi haukuuondoa, basi ameukuta.

Kazi ya tabibu huanzia hapo. Mgonjwa hulazwa katika kiti, taa ikaelekezwa kinywani, na tabibu, akiwa ameshika kioo kidogo, hupita jino moja baada ya jingine akitazama na kugusa kwa ncha ya chombo chembamba. Ukoga huondolewa ama kwa vyuma vya mkono vilivyopindwa ncha zake, ama kwa mashine ambayo ncha yake hutetema kwa kasi isiyoonekana kwa macho huku ikirusha maji. Sauti yake ni nyembamba na kali, na wengi huiogopa kuliko inavyostahili. Vipande hubanduka, na mgonjwa hutema mate yaliyochanganyika na damu kidogo, ambayo kwa kawaida ni ya ufizi uliokwisha kuugua, na hupungua ufizi upatapo nafuu. Ukoga ukiisha ndipo ung'arishaji ufuatapo. Tabibu hupachika kikombe kidogo cha mpira, kisichozidi ncha ya kidole cha mwisho, kwenye mashine ya mwendo wa polepole, akakichovya katika uji mzito wa unga laini, akakibonyeza juu ya jino mpaka kingo zake zitanuke kidogo, kisha akakizungusha kwa miguso mifupi, akikiinua kila mara ili jino lisipate moto. Unga huo mara nyingi ni pumisi, jiwe jepesi lenye vitundu litapikwalo na volkano, lililosagwa na kutiwa ladha ya mnanaa au ya matunda. Baada ya hapo uzi hupitishwa katikati ya meno, mgonjwa akasukutua, na ulimi wake ukakutana na ulaini ambao aliusahau.

Ulaini huo ndio unaowafanya watu waamini kuwa meno yao yamefanywa meupe. Hapana budi lisemwe wazi: kung'arisha huondoa madoa yaliyokaa juu ya jino, yaani madoa ya chai, ya kahawa, ya tumbaku, ya tambuu na ya mirungi; lakini rangi ya jino lenyewe haibadiliki. Mwenye meno ya manjano kidogo kwa maumbile, nao ni watu wengi duniani, atatoka na meno ya manjano kidogo yaliyo safi, wala hana sababu ya kusononeka kwa hilo. Tena, unga ule uondoao doa huondoa pia sehemu ndogo mno ya enameli, yaani ganda gumu la nje ya jino, na tabaka la juu kabisa la enameli ndilo lililo tajiri wa floraidi. Kwa hiyo matabibu wengi wameiacha desturi ya zamani ya kung'arisha kila jino la kila mgonjwa kila aendapo, wakachagua kung'arisha meno yenye madoa tu, tena kwa unga ulio laini kadiri ifaavyo. Kadhalika iliaminiwa zamani kuwa floraidi haishiki mpaka jino ling'arishwe kwanza. Leo yajulikana kuwa si sharti, na kwamba jino lililopigwa mswaki vizuri huipokea. Jambo hili laonekana dogo, walakini uzito wake ni mkubwa kwa shule ya kijijini isiyo na umeme wala mashine, maana mtoto aweza kupakwa floraidi akiwa ameketi katika dawati lake.

Hata ile kazi ya kuondoa ukoga ina mipaka ambayo uaminifu wataka itajwe. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza kwa watu wazima wenye mazoea ya kumwona tabibu, ambao ugonjwa wao wa ufizi haukuwa mkubwa, haukuona tofauti ya maana, baada ya miaka 3, kati ya waliosafishwa kila miezi 6, waliosafishwa kila mwaka, na wale ambao hawakupangiwa kusafishwa kabisa. Nayataja haya ili msomaji mwenye kinywa kizima asidhani kuwa ametupwa kwa sababu hana fedha za kusafishwa mara mbili kwa mwaka. Lakini mtu ambaye hajaketi katika kiti hicho maisha yake yote, ambaye ufizi wake hutoka damu kila apigapo mswaki, au mwenye kisukari, ambacho huuzidisha ugonjwa wa ufizi na chenyewe huzidishwa nao, yu katika hali nyingine kabisa, na kwake huyo kusafishwa ni matibabu wala si anasa.

Fani ya kusafisha meno iliyosimama peke yake ilianzia Bridgeport, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani. Tabibu Alfred Fones alichoka kuziba matundu ambayo yangeweza kuzuiwa, na mwaka 1906 alimfundisha msaidizi wake, Irene Newman, ambaye pia alikuwa binamu yake, kuondoa ukoga na kung'arisha meno ya wagonjwa. Mwaka 1913 akafungua shule ya kwanza ya kazi hiyo, na wanawake waliohitimu wakapelekwa katika shule za mji kusafisha meno ya watoto na kuwafundisha kujitunza. Mwaka 1917 Irene Newman alipewa leseni ya kwanza ya kazi hiyo. Katika habari hii yote, kinachonivutia ni kuwa Fones hakukaa akingoja wazazi wawalete watoto. Aliipeleka kazi walipo watoto, yaani darasani, na mpaka leo sijaona njia iliyo bora kuliko hiyo.

Sasa tuje kwenye floraidi yenyewe. Enameli ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kigumu kuliko mfupa, nayo imejengwa kwa fuwele za chokaa na fosfeti zilizopangwa kwa mshikamano wa ajabu. Pamoja na ugumu wake wote ina adui mmoja, nayo ni tindikali. Kila mtu alapo sukari, iwe ya soda, ya biskuti, au ya chai iliyokolezwa kwa vijiko vitatu, vijidudu vya ule utando huila pamoja naye na kutoa tindikali. Na uchachu wa kinywa ufikapo chini ya kile kipimo ambacho wanakemia hukiita pH 5.5, madini huanza kutoka katika enameli. Baada ya muda mate huizimua tindikali hiyo, na madini yaliyopotea hurejea. Mapatano haya ya kutoa na kurudisha huendelea kimya kimya kila siku katika kinywa cha kila mtu, na jino huoza pale tu utoaji unapouzidi urudishaji kwa muda mrefu, ndiyo maana mtoto anywaye soda kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni hudhurika kuliko yule aliyeinywa yote kwa mkupuo mmoja wakati wa chakula.

Floraidi huingia hapo. Ikiwapo katika mate, hata kwa kiasi kidogo mno, huharakisha kurejea kwa madini, na hujiunga nayo, hata fuwele mpya zinazoundwa zikawa imara kuliko zile za asili, zikistahimili uchachu mpaka karibu na pH 4.5 kabla ya kuanza kuyeyuka. Dalili ya kwanza ya kuoza ni doa jeupe lisilong'aa, kama la chaki, karibu na ufizi; doa hilo bado halijawa tundu, na likiwahiwa kwa floraidi na kwa kupunguza sukari laweza kusimama, hata kurudi. Tundu likishafunguka, floraidi haiwezi kulijaza. Zamani wataalamu walidhani kuwa faida ya floraidi hutoka ndani, kwa kumezwa mtoto angali mdogo ikajengeka katika meno yanayokua; utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya faida hutoka nje, kwa floraidi kuligusa jino lililokwisha kuota. Nalisisitiza jambo hili, maana habari yote ya visima inayofuata huko mbele yategemea tofauti hiyo ya kugusa na kumeza.

Floraidi ya zahanati huja kwa sura mbili kuu. Ya kwanza ni jeli, ambayo hutiwa katika kibamba cha mfano wa taya, mgonjwa akakiuma kwa dakika 4 huku ameinamisha kichwa na mate yakivutwa kwa mrija, kisha akatema yote na kukaa nusu saa bila kula wala kunywa. Jeli hii haifai kwa watoto walio chini ya miaka 6, kwani huimeza, na nguvu yake ni sehemu 12,300 katika milioni. Ya pili ni vanishi, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi kwa hali zetu. Ni gundi ya utomvu yenye sehemu 22,600 za floraidi katika milioni, nguvu inayotisha ukiisoma katika karatasi; lakini hutumika tone dogo tu, hupakwa kwa brashi nyembamba juu ya meno yaliyofutwa kwa pamba, na mara ikutanapo na mate hugandamana na jino, ikaitoa floraidi yake pole pole kwa saa nyingi, hata kinachomezwa kikawa kidogo. Meno huonekana ya manjano kwa siku hiyo, na mzazi huombwa asimpe mtoto chakula kigumu kwa saa kadhaa, wala asimpige mswaki mpaka kesho yake. Kazi yote kwa mtoto mmoja haizidi dakika chache, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 6. Majumuisho ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2013 yalikuta kuwa vanishi hupunguza kuoza kwa meno ya kudumu ya watoto kwa wastani wa asilimia 43, na kwa meno ya utotoni asilimia 37. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za meno za floraidi, vanishi ikiwa miongoni mwake, katika orodha yake ya dawa muhimu.

Nyumbani, dawa ya meno ya kawaida yenye sehemu 1,000 hadi 1,500 katika milioni, ikitumiwa mara mbili kwa siku, ndiyo nguzo. Vanishi ni nyongeza. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutosheka na kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, mzazi akisimama karibu kuhakikisha kuwa yatemwa. Desturi yetu ya kusukutua kwa maji tele mara baada ya kupiga mswaki huiondoa sehemu kubwa ya floraidi iliyotarajiwa kubaki. Yafaa kutema tu. Na kuhusu mswaki wa mti, ule ambao babu zetu wa pwani waliutumia na ambao Mtume Muhammad aliuhimiza, sioni ugomvi wowote kati yake na dawa ya kisasa: nyuzi zake husafisha utando vizuri kwa mwenye kuujua, na anayetaka floraidi aweza kuutia dawa kidogo kabla ya kuutumia.

Namna dunia ilivyoigundua floraidi ni habari ya ajabu, maana ilijulikana kwanza kwa madhara yake. Mwaka 1901 tabibu kijana aitwaye Frederick McKay alifika Colorado Springs, nchini Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya kahawia ambayo vitabu vyake havikuyataja. Wenyeji walikuwa na sababu zao, wengine wakisema ni nyama ya nguruwe, wengine wakisema ni maziwa. McKay hakutosheka. Mwaka 1909 alijiunga naye Greene Vardiman Black, mwalimu mkubwa wa tiba ya meno wa zama zile, na kwa pamoja wakathibitisha mambo mawili: kwanza, madoa huwapata wale tu walioishi hapo wakati meno yao yalipokuwa yakijengwa, na mtu mzima aliyehamia hapatwi; pili, meno hayo yenye madoa huoza mara chache kuliko meno mazuri. McKay aliyashuku maji, lakini vipimo vya siku zile havikuona kitu. Katika Oakley, jimbo la Idaho, wazazi walieleza kuwa madoa yalianza baada ya kijiji kuvuta maji ya bomba kutoka chemchemi ya moto. McKay akawashauri waliache bomba lile, wakaliacha, na watoto waliozaliwa baadaye wakaota meno safi. Ilikuwa mwaka 1931 ndipo mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya ALCOA, aliyekuwa akipima maji ya mji wa Bauxite kwa kuhofia kuwa alumini ya kampuni yake italaumiwa, alipokuta ndani yake floraidi kwa wingi.

Kutoka hapo Trendley Dean, tabibu wa serikali ya Marekani, alipima mji baada ya mji, akakuta kuwa kiasi cha miligramu 1 hivi kwa lita huzuia kuoza bila ya kuleta madoa ya kuchusha macho. Tarehe 25 Januari 1945, Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, ukawa mji wa kwanza duniani kutia floraidi katika maji yake kwa makusudi, na miaka kumi na ushei baadaye kuoza kwa meno ya watoto waliozaliwa tangu siku hiyo kulikuwa kumepungua kwa zaidi ya asilimia 60. Hivyo kitu kilekile kilichotafutwa kama mharibifu kikawa mlinzi, kwa tofauti ya kiasi peke yake.

Ilhali Wamarekani walikuwa wakitia, sisi tulikuwa na mahali pa kutoa. Bonde la Ufa, tangu Ethiopia kupita Nakuru na Naivasha hadi Arusha na Singida, limejaa miamba na majivu ya volkano, na maji yapitayo humo, yakiwa na magadi mengi na chokaa kidogo, huiyeyusha floraidi na kuibeba. Maziwa ya Momella chini ya Mlima Meru na Ziwa Nakuru ni miongoni mwa maziwa yenye floraidi nyingi mno duniani. Vijiji vya Arumeru, kama Ngurdoto na Maji ya Chai, vimekunywa kwa vizazi maji yenye floraidi inayopita mara nyingi kile kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Magadi yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi nayo huongeza, kwa kuwa magadi ya maziwa yale hubeba floraidi yake. Mtoto anayekunywa maji hayo mpaka afikapo miaka 8 hivi, meno yake ya kudumu hujengwa na enameli yenye vinyweleo. Huota yakiwa meupe yasiyong'aa, kisha hupokea rangi, yakawa ya kahawia, na walioathirika sana meno humeguka na kufanya mashimo, hata kuoza. Waliokunywa kwa wingi zaidi hupata na ugonjwa wa mifupa, miguu ikapinda, mgongo ukakakamaa.

Watu wa Dar es Salaam huyajua meno hayo, na mwenye nayo huulizwa kama ni mtu wa Arusha kabla hajataja kwao. Wako wasichana wanaojifunza tangu shule ya msingi kufunika kinywa kwa kiganja wanapocheka. Wako wanaosugua kwa mchanga, kwa majivu na kwa mkaa mpaka ufizi ukalika, wakidhani ni uchafu. Na wako walioambiwa na walimu wao kuwa hawapigi mswaki. Hiyo ndiyo dhuluma ninayotaka iondoke. Doa la floraidi halina uhusiano wowote na uchafu, na wala halitoki kwa kile kikombe cha mpira na unga wa pumisi, kwa sababu limekaa ndani ya enameli. Mtu wa Usa River anayelipa fedha zake asafishwe meno ili yawe meupe, bila ya kuelezwa jambo hili kwanza, ameuziwa kisichokuwapo. Kwa madoa yaliyo hafifu iko njia nyingine: tabibu husugua jino kwa mchanganyiko wa tindikali na pumisi, akaondoa tabaka jembamba kwa makusudi na kwa kipimo, huku ufizi umefunikwa kwa mpira usiungue. Kwa yaliyo mazito hufunikwa meno kwa saruji nyeupe ya meno au kwa vigae, kazi ambayo gharama yake imewashinda wengi.

Je, aliyekulia katika maji hayo apakwe floraidi? Wengi hushtuka kulisikia swali hili. Jibu langu lafuata ile tofauti niliyoisisitiza: madhara hutoka katika kumeza kila siku wakati meno yanajengwa, na mtu mzima ambaye meno yake yamekwisha kuota hapati madoa mapya kwa kupakwa vanishi mara mbili kwa mwaka; akiwa na meno yanayooza au mizizi iliyoachwa wazi na ufizi, vanishi yaweza kumfaa. Mtoto wa miaka 3 anayekunywa maji ya Ngurdoto, huyo ni mwingine. Kwake tahadhari ya kwanza ni maji, ya pili ni dawa ya meno isizidi punje ya mchele na isimezwe, na vidonge vya floraidi asipewe kabisa. Na mtoto wa Mwanza, aliyelelewa kwa maji ya Ziwa Victoria yenye floraidi kidogo, au mtoto aliyelelewa kwa maji ya mvua, ambayo karibu hayana, ndiye hasa anayehitaji vanishi na asiipate. Matabibu watatu wa mikoa mitatu waweza kutoa mashauri matatu tofauti, nao wote wakawa sawa.

Kuhusu maji yenyewe, Tanzania katika miaka ya 1970 iliweka kikomo cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, kwa kuwa penye uhaba mkubwa hapakuwa na maji mengine ya kuwapa watu. Baadaye kikomo hicho kikateremshwa hadi 4, kisha hadi 1.5. Kuandika kikomo ni rahisi kuliko kukifikia. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, na upande wa Kenya katika kazi za Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru, njia iliyotumika ni ya mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri kwa joto lililopimwa na hewa kidogo, husagwa punje punje, ikaoshwa na kujazwa katika ndoo au tangi, na maji yapitapo humo huiacha floraidi yake katika mfupa. Ujuzi mkubwa uko katika kuchoma, maana mfupa uliochomwa pungufu huyapa maji harufu na rangi, na uliochomwa kupita kiasi hupoteza nguvu ya kushika. Punje huchoka baada ya miezi na hutaka kubadilishwa, na mara nyingi hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa kuwa ndoo iliyochoka huendelea kutoa maji maangavu ambayo macho hayawezi kuyashuku. Kuvuna mvua na kuchanganya maji ya visima viwili husaidia pia, na mtoto aliye chini ya miaka 8 ndiye apewe kwanza maji hayo hata kama hayatoshi nyumba nzima.

Kwa hiyo, mzazi atakayempeleka mwanawe kwa tabibu wa meno na aseme, kabla ya kiti kulazwa, maji ya nyumbani yatoka wapi, kama ni bomba, kisima, mto au mvua, na mtoto ameyanywa tangu umri gani. Na kama tabibu hajauliza, amwambie hivyo hivyo. Na mipango ya kuwapaka watoto wa shule vanishi, ambayo naiombea heri katika kila wilaya ya pwani na ya Ziwa, ikifika Arumeru, Hai, Naivasha au Nakuru, ipeleke kwanza mtu wa kupima kisima cha shule, na kipimo chake kibandikwe ukutani penye mfereji, kwa tarakimu kubwa ambazo mwalimu, mzazi na mwanafunzi wataweza kuzisoma.